Muulize Bibi Nesi: Hawa wawili wanachelewa wapi?

Bibi Nesi ni muuguzi mstaafu wa kliniki ya mama na mtoto. Anaishi Soweto, Moshi, na hujibu barua za wasomaji kuhusu watoto, wazee, na nyumba wanamoishi pamoja.

SWALI

Shikamoo Bibi Nesi. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Rau hapa Moshi. Baba mkwe wangu ana miaka 74. Alishuka kutoka Old Moshi mwaka jana baada ya mama kufariki, tukaona asibaki peke yake kule kihambani. Ni mtu mwema, hana makuu. Tatizo langu ni moja. Kila siku saa kumi jioni anamshika mkono mtoto wetu mkubwa, ambaye yuko darasa la awali na ana miaka sita kasoro, wanatoka "kunyoosha miguu". Wanapita Rau Madukani, wanateremka mpaka karibu na daraja, wanarudi kwa njia ya migombani. Njia hiyo mimi naimaliza kwa dakika ishirini nikiwa na mzigo kichwani. Wao saa mbili, na siku nyingine zaidi! Mtoto anarudi magoti yamejaa udongo, mfukoni ana mawe na maganda ya miti, ameshiba muwa na mahindi ya kuchoma, chakula cha usiku hataki, daftari hajaligusa. Nikimuuliza walikuwa wapi ananijibu, "Tulikuwa tunamsubiri jongoo." Nikimwambia mume wangu anacheka, anasema hata yeye alikuzwa hivyo hivyo. Juzi nikaona niwape orodha ya vitu vya dukani ili angalau matembezi yawe na faida. Wakarudi na sukari, chumvi wameisahau. Isitoshe naogopa bodaboda, na kuna nyumba moja njiani wanauza mbege. Nimwambieje baba mkwe aharakishe bila kumvunjia heshima?
Mama wa Rau

JIBU

Marahaba mwanangu, na poleni sana na msiba.

Nianze na jongoo, maana ndiye aliyeitoa barua yako chini ya rundo. Mvua zikishanyesha, jongoo hujaa kwenye njia zenu za huko Rau, hasa palipo na majani makavu ya migomba. Ukimgusa kwa kijiti anajiviringa, miguu yote ndani, anatulia tuli. Anachosubiri ni wewe uondoke, na sisi watu wazima huwa tunaondoka. Hao wawili wako hawaondoki. Mmoja kachuchumaa, mwingine kaegemea fimbo yake, wanangoja. Muda unapita, hakuna kitu. Halafu vinachomoza vipapasio viwili, vinapapasa hewani, kichwa kinafuata, pingili zinajikunjua moja baada ya nyingine, na miguu inaanza kwenda kwa wimbi linalotoka nyuma kuja mbele. Karibu kila pingili ina jozi mbili za miguu, na hakuna unaomkanyaga mwenzake. Kama mtoto wako ameliona wimbi hilo, basi ameona kitu ambacho wengi wetu hatujakiona, na jongoo tumewaruka tangu tunazaliwa. (Neno la kinesi hapa: jongoo hang'ati, ila akibughudhiwa hutoa maji ya kahawia yanayotia madoa vidoleni na kuwasha macho. Mtoto anawe mikono kabla ya huo muwa. Anayeng'ata ni tandu, na nina hakika babu amekwisha kumwonyesha tofauti yao.)

Basi tumeshajua wanachelewa wapi. Ila mtu huchelewa akiwa ana mahali anapokwenda, na hawa hawana. Wewe unaipima njia ile kwa sababu umetumwa na shughuli: kuna maji ya kuchota, kuna gari la kuwahi, kuna mtoto mdogo aliyebaki analia. Babu ameshamaliza kutumwa maishani na mjukuu wake hajaanza. Ndiyo maana mwendo wao unalingana. Magoti ya mzee wa miaka 74 na miguu ya mtoto wa miaka sita kasoro ni saizi moja kabisa, yule wa katikati ndiye anayewaharakisha wote wawili.

Usimwambie aharakishe. Nitakupa sababu, kisha nitakupa yale ambayo ni lazima yasemwe, maana yapo.

Umesema baba mkwe hana makuu. Wazee wasio na makuu ndio ninaowaonea huruma zaidi wakihamia kwa watoto wao. Kule kihambani alikuwa na migomba yake, zizi lake, na majirani aliokua nao. Kwenu anakaa kwenye kiti alichoonyeshwa, anakula mnapokula ninyi, na taarifa ya habari anaiona kama kuna mtu atamwachia rimoti. Chai ya pili haombi. Akishatoka getini na mjukuu, hapo ndipo anapokuwa mwenyeji tena. Yeye ndiye anayejua mti upi ni msesewe na gome lake linatiwa kwenye nini, mfongo ule, yaani mfereji, unapeleka maji kwa nani na ni zamu ya nani leo, kwa nini masale, yale majani ya amani, yamepandwa mpakani na kwa nini mtu anayekuja na jani la sale mkononi hafukuzwi. Mambo hayo huwezi kuyasema ukiwa umekaa sebuleni. Yanahitaji mti uwe mbele yako na mtu wa kuuliza "huu je?"

Halafu kuna jambo hukuliandika, labda hata hujaliona. Wanatoka saa kumi. Saa hiyo wewe unafanya nini? Unaoga, unabadilisha nguo, unainama jikoni na khanga yako kiunoni, unamfokea mdogo. Mzee wa Kichagga wa umri wake hakai sebuleni akimtazama mkamwana wake akihangaika na moto. Anakupisha. Hizo saa mbili unazozilalamikia, nusu yake amekupa wewe, na kwa adabu yake hatalisema mpaka anaingia kaburini.

Na jioni ndiyo saa ya mlima. Asubuhi mapema na jioni ndipo mawingu yanapoachia, na ukiwa mahali penye uwazi upande wenu unauona wote, Kibo kushoto na Mawenzi kulia. Jaribu leo usiku kumuuliza mtoto kwa nini Mawenzi ana meno meno. Kama babu ni mtu wa Old Moshi kweli, mtoto atakuambia kwamba Mawenzi alikwenda kwa Kibo kuomba moto, akapewa, akauzima kwa makusudi, akarudi kuomba tena, akapewa, akauzima tena, mpaka Kibo akakasirika akachukua mchi akamtwanga nao, na makovu ndiyo yale. Hiyo hadithi ina urefu wa kutoka kwenye genge la mboga mpaka darajani. Huwezi kuisimulia mtu akiwa juu ya bodaboda. Na babu huyo huyo alikuwa mvulana wa shule tarehe 9 Desemba 1961, siku Luteni Alexander Nyirenda aliposimika bendera na Mwenge wa Uhuru pale kileleni, mita 5,895 juu. Wataalamu wamepima barafu ya Kibo wakaona kwamba kati ya mwaka 1912 na 2011 ilipungua kwa asilimia 85 hivi. Babu hana haja ya asilimia, ananyoosha fimbo tu: "Ilikuwa inafika pale." Mtoto anatazama ncha ya fimbo, anatazama mlima. Hesabu imekwisha.

Mjukuu wangu mimi hataki jongoo wala mlima, anataka reli. Tangu treni ya abiria iliporudi Moshi mwezi Desemba 2019, baada ya kukaa zaidi ya miaka ishirini bila kuja, kwetu imekuwa wimbo. Tunashuka mpaka karibu na stesheni, na mara nyingi tunachokikuta ni behewa la mizigo limesimama. Haliendi popote, nasi hatuendi popote. Tunahesabu magurudumu yake, tukifika mwisho anataka tuanzie upande wa pili kuhakikisha yanalingana. Yanalingana.

Sasa ile orodha ya dukani. Iache. Najua nia yako ilikuwa njema, lakini ukishawapa orodha umewageuza wajumbe, na mtoto atajifunza kwamba babu naye ni mtu wa kutumwa. Mtu aliyetumwa hawezi kumsubiri jongoo, na akimsubiri anarudi bila chumvi kama ulivyoona. Chumvi mwagize mumeo akitoka kazini, duka la mangi liko njiani kwake na atakuwa amepata kazi ya kufanya zaidi ya kucheka.

Pia watatokea watu wa kukushauri uwafuate siku moja ujionee mwenyewe raha yao. Usiende. Ukiwepo wewe babu atanyamaza, mtoto ataanza kudeka abebwe, na utani wao hautatoka. Hujawahi kusikia wanavyoitana wakiwa wawili. Katika nyumba nyingi za kwetu, bibi humwita mjukuu "mume wangu" na babu humwambia mjukuu wa kiume kwamba wanagombania mke mmoja, yaani bibi, hata kama bibi ameshatangulia. Hasa kama ameshatangulia. Mgane anahitaji mahali pa kumtaja mkewe bila watu kuinamisha vichwa na kusema "pole baba". Mtoto hasemi pole. Anauliza bibi alikuwa anapenda ndizi gani.

Kuhusu afya sitakudanganya kwamba kumngoja jongoo ni mazoezi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka watoto kuanzia miaka 5 wapate wastani wa dakika 60 kila siku za kuchangamsha mwili sawasawa, na watu wa miaka 65 na kuendelea wapate angalau dakika 150 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuwasaidia wasipepesuke. Ila nakuhakikishia mtoto anayetangulia mbele, anarudi, anapanda tuta, anaruka mfongo na kurudi kuuruka tena kwa sababu mara ya kwanza babu hakuwa akitazama, dakika zake sitini anazipata. Na mzee anayechuchumaa na kuinuka, akapanda mteremko wa kutoka darajani kila jioni, anafanya yale ambayo wengine wanalipia. Wazee wengi niliowaona wakianguka na kuvunjika nyonga walianguka ndani, wakitoka kitandani kwenda chooni, miguu ikiwa imesahau kazi.

Sasa yale ya lazima.

Barabara kwanza. Kwetu magari yanapita kushoto, kwa hiyo mtembea kwa miguu akae kulia, ayaone yanayokuja usoni. Mtoto awe upande wa ndani, wa majani, babu upande wa gari. Amshike kiganja kizima, maana mtoto akiona kinyonga uani kwa mtu, kidole kimoja huchomoka mara moja. Na ule mteremko wa kwenda darajani ndio unaonitia wasiwasi kuliko yote, kwa sababu bodaboda wengi wakifika mteremkoni wanazima injini kubana mafuta. Pikipiki inakuja kimya. Babu wa miaka 74 huenda hasikii vizuri hata iliyowashwa. Jaribu kumsemesha taratibu akiwa amekupa kisogo uone kama atageuka, asipogeuka apelekwe akapimwe masikio. Kipande hicho wapite kwa njia ya ndani kama ipo, kwenda na kurudi.

La pili ni giza. Kwetu jua huzama saa kumi na mbili na nusu hivi, miezi mingine inakaribia saa moja, na likizama halina maagano. Saa kumi na mbili kamili wawe getini. Wana saa mbili, zinatosha, jongoo wa kwanza asubiriwe, wa pili aamkiwe tu.

La tatu mbege, na hapa sina utani. Ni pombe, hata kama imetoka kwenye ndizi na ulezi na babu zetu wote waliinywa. Akienda peke yake siku ya Jumapili akapata kata yake na wazee wenzake, hilo ni lake. Akiwa ameshika mkono wa mtoto na mbele yake kuna barabara, hapana, hata kata moja. Na ile desturi ya kumwonjesha mtoto "kidogo tu apate afya" ife. Nasema haya kwa tahadhari tu, maana umesema nyumba iko njiani, hukusema kwamba wanaingia. Usimhukumu kwa harufu ya jirani.

Nani aseme? Si wewe. Kwa mila mkamwana hamkanyi baba mkwe, nami sikutumi. Mumeo amalize kucheka, kisha akae na baba yake jioni moja, aseme mambo mawili tu, mbege na mteremko, na aishie hapo. Akiongeza la mahindi na la magoti machafu, mzee atasikia kwamba matembezi yenyewe ndiyo hayatakiwi, na kesho yake hatatoka. Wazee wasio na makuu hawabishi, wanaacha tu.

Saa ya kurudi ishughulikie wewe kwa sufuria. Pika mtori, useme sebuleni kwa sauti ya kawaida, ukimwambia mtoto, kwamba utakuwa mezani saa kumi na mbili na nusu na ukipoa unaganda. Sijamwona mzee wa Old Moshi aliyeuchelewea mtori. Muwa na mahindi wagawane nusu kwa nusu mapema, wakiwa wanakwenda, siyo wakiwa wanarudi, na njaa ya usiku itakuwepo. Mawe na maganda ya miti yawekee kopo kubwa la maziwa mlangoni, yaishie hapo. Daftari alifungue mchana akiamka usingizini, kabla ya saa kumi. Ingawa mtoto wa darasa la awali kupewa kurasa za kujaza kila siku, mimi ningekwenda kuzungumza na mwalimu wake kabla ya kuzungumza na babu yake.

SWALI

Bibi Nesi, habari za Moshi. Mimi ni bibi mwenzako, niko Kaloleni, Arusha. Mjukuu wangu wa kike, miaka minane, ameletwa kutoka Dar kwa likizo ya mwezi wa sita. Siku nzima yuko kwenye simu. Nikimwambia tutoke tutembee anasema "Arusha hakuna kitu, bibi". Nami goti la kulia linanisumbua, natembea na mkongojo, tena natumia dawa za presha pamoja na kile kidonge cha kupunguza maji mwilini, haja ndogo hainipi nafasi. Nitamtembezaje mtoto wa mjini?
Bibi wa Kaloleni

JIBU

Shoga yangu, mkongojo unaushika mkono gani? Nauliza kwa sababu wengi huushika upande wa goti bovu, na hivyo sivyo. Goti la kulia likiuma, mkongojo uwe mkono wa kushoto, uende mbele pamoja na mguu mbovu. Kwenye ngazi, kupanda unatanguliza mguu mzima, kushuka unatanguliza mbovu. Mfundishe mjukuu sheria hiyo na umpe kazi ya kukukumbusha kila mkifika penye ngazi. Watoto wa miaka minane wanapenda sana kumsahihisha mtu mzima.

Kidonge cha maji usikiache, na usijinyime maji ya kunywa ili usikojoe, hapo utapata kizunguzungu barabarani. Muulize daktari wako kama unaweza kukimeza asubuhi, ili fujo yake iishe kabla ya mchana. Tokeni jioni. Na uchague njia kwa vyoo na viti, siyo kwa umbali: nyumba ya rafiki yako mmoja, duka lenye benchi, kanisa au msikiti mnaofahamika. Kutoka benchi hadi benchi ni matembezi kamili. Mwezi wa sita huko kwenu baridi haina mchezo, na mtoto wa Dar atakuwa amekuja na sweta moja jepesi. Kabla ya kusema hapendi kutoka, angalia kama hatetemeki.

Hilo la "hakuna kitu" lisikukere. Amezoea mji unaopiga kelele. Usimtangazie utalii, mwambie tu achague: tukifika kona, yeye anasema kulia au kushoto, wewe unamfuata. Siku ya kwanza atachagua ovyo akuone utafanya nini. Mfuate. Wewe kazi yako ni kusema nani anaishi nyumba gani na zamani palikuwa na nini.

Na pale Kaloleni una kitu ambacho Dar hawana. Jengo la Makumbusho ya Azimio la Arusha liko kwenye mtaa wenu, ndilo ambamo viongozi wa TANU walikaa mwezi Januari 1967, Azimio likatangazwa tarehe 5 Februari, na Mwenge mkubwa umesimama hapo jirani. Siyo lazima muingie siku hiyo hiyo. Kaeni nje panapokalika, umwambie ulikuwa wapi wewe mwaka ule, ulivaa nini, mlikula nini, redio ilikuwa ya nani. Akitaka kuingia ndani ataomba mwenyewe.

Simu ibaki nyumbani inachaji. Yako pia, bibi mwenzangu. Magrupu ya ukoo yatakusubiri.

SWALI

Shikamoo Bibi Nesi. Mimi nina miaka kumi, nasoma darasa la nne, naishi Pasua. Nikienda kucheza mpira mama anasema niende na babu kwa sababu njia ni moja, yeye anakwenda kucheza drafti. Lakini babu anasimama kusalimia kila mtu. Anauliza habari za ng'ombe, za kuku, za mtoto wao aliyeko Dodoma. Nikifika mechi imeshaanza, wananiambia nikadake. Nifanye nini?
Mchezaji wa Pasua

JIBU

Marahaba mjukuu wangu. Salamu za babu hazifupishwi, nimeona watu wenye vyeo vyao wakijaribu wakashindwa. Kwa hiyo mwombe mtoke nyumbani nusu saa mapema, na njiani uwe unawahi wewe. Ukimwona mtu kwa mbali, tangulia: shikamoo, ng'ombe hajambo, kuku wanataga, Dodoma wanasemaje? Babu akifika atakuta maswali yote yameshaulizwa, atabaki na la hali ya hewa peke yake.

Usimwache katikati ya njia ukakimbilia uwanjani. Mfikishe kijiweni, mkabidhi kwa mwenzake wa drafti, vizibo vikishapangwa kwenye ubao ndipo ukimbie. Na hilo la kudaka, waambie wenzako mpokezane: kila goli likiingia, golikipa anabadilishwa.